Duara Jekundu la Jumatano

Chuisakil,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu Leocadio,

Kosa wanalofanya watu wengi kuhusu hesabu ya siku ni kudhani kwamba inakaa kichwani mwa msomi mmoja, na kwamba wengine wote wakisahau, watamwuliza huyo na mambo yatakuwa sawa. Wewe umelifanya kosa hilo wiki hii. Wenzako huko kwenye shamba la pamba wamelifanya pia. Na aliyewazoesha ni mimi, kwa miaka yote niliyotembea katika mji huu na miwani yangu na chaki mfukoni, watu wakinisimamisha njiani kuniuliza leo ni siku gani, nami nikiona raha kuulizwa.

Nisamehe. Nimetanguliza somo kabla ya salamu, na marehemu mama angenivuta sikio. Basi nakusalimu, ndugu yangu, wewe na shemeji Paulina, na mwanetu Isidra, na watu wetu wote mlio nao huko kwenye joto. Nimefurahi kusikia kwamba homa imekuachia na kwamba sasa unakula bila kulazimishwa. Mimi ni mzima, ila magoti, ambayo unayajua, na huu mkono, ambao utauona mwenyewe katika mwandiko. Usidhani ni uzee. Mwezi uliopita mkono huu ulikuwa unaandika vizuri. Samaki wakavu na ndizi zilifika jana kwa mkono wa yule mzee muuza blanketi, Tat Anastacio. Samaki walipungua wawili. Anasema walidondoka kwenye basi. Nikamwambia walidondokea mdomoni mwake, maana masharubu yalikuwa bado yananuka, naye akacheka mpaka mablanketi yakamtoka begani. Hicho ndicho kicheko cha mwisho kusikika nyumbani kwangu, kwa sababu baada ya hapo alinipa ujumbe wako.

Kabla sijaeleza chochote, soma mstari huu, kisha umsomee Paulina kwa sauti: msije Jumatano. Asipande lori mtu yeyote wa kwetu kuja huku kwa ajili ya Jumatano, si Isidra, si wewe, si yule mpiga marimba ambaye hakosi sherehe.

Nakujua lakini. Nikikuambia tu usije, utakuja. Utasema kaka anaogopa barabara, kaka amezeeka, na miguu ya binti yangu haiwezi kungoja. Kwa hiyo itanibidi nieleze kila kitu kwa utaratibu, nawe itakubidi unisome mpaka mwisho. Naandika kwa lugha yetu, kwa zile herufi nilizokufundisha ukichora kwa kidole kwenye majivu ya jiko. Askari wa kizuizi cha darajani wanasoma Kihispania tu, na karatasi hii wakiiona watadhani ni maombi ya kanisani. Hata hivyo Tat Anastacio ataikunja ndani ya blanketi, na wewe ukishamaliza, ichome.

Ujumbe wako, kama alivyonipa, ulikuwa hivi. Kwamba nyinyi huko mlikuwa mmehesabu na kuiona siku ya Nane Batz ikiangukia Jumapili hii. Kisha wauza blanketi wakashuka na habari kwamba Mwalimu Eulogio amesema ni Jumatano, amesema mbele ya watu ukumbini. Basi mkagombana ninyi kwa ninyi mkimtafuta aliyeharibu hesabu, na lawama ikakuangukia wewe, kwa sababu ulilala na homa na ulikuwa ukiamka na kuuliza kama ni asubuhi au jioni. Paulina anakucheka kwamba ubongo umechemka pamoja na maharage. Nawe ukakubali kosa mbele ya wote, ukaomba radhi, ukaniletea shukrani kwamba nimewarekebisha kabla hamjaharibu siku ya mtoto. Lori mmekwisha kulipangia. Mtaondoka Jumanne.

Nilimwomba Tat Anastacio arudie. Akarudia, neno kwa neno, akiwa na furaha ya mtu aliyefikisha habari njema.

Hebu nikukumbushe tulikofundishwa, si kwa sababu hujui, bali kwa sababu Jumapili utalazimika kuwaeleza vijana walio nawe, na baadhi yao wanaijua kalenda ya ukutani tu. Kalenda ya ukutani inahesabu siku kama mtu anavyohesabu magunia: moja imepita, moja imebaki, zote ni sawa. Sisi hatuna siku zinazofanana. Majina ishirini yanazunguka, namba kumi na tatu zinazunguka, kila kundi kwa mwendo wake, na jina na namba vikishaachana havikutani tena mpaka zipite siku mia mbili na sitini, ule muda mtoto anaokaa tumboni. Kila siku ni bwana. Inafika alfajiri, inakaa kwenye kiti chake, inasikiliza, na jioni inamwachia mwenzake. Kuna bwana wa kupandia mahindi, wa kuposea, wa kuombea radhi, wa kuanzia safari. Ukimsalimu mmoja kwa jina la mwingine, umemfungia mlango mgeni aliyekuja na ulichomwomba.

Nane Batz ndiyo siku ya uzi. Siku hiyo ndipo wahesabu siku wapya wanapopewa mkoba wa mbegu nyekundu na ruhusa ya kuzitaja siku mbele ya moto. Isidra amekuwa na ile mikazo ya miguu tangu mwaka jana. Mganga wa shambani amemdunga sindano mpaka zimemchosha, na mbegu zetu zimejibu jambo lilelile kila tulipoziuliza, kwamba siku zinamwita. Amejifunza kwangu kwa bidii. Ikimpita Nane Batz hii, atangoja duru nzima. Haya yote nayajua, nami ndiye mwalimu wake. Ndiyo maana usidhani nimeandika kwa wepesi kwamba msije.

Sasa nikueleze hofu ilikoanzia. Ninyi mlipoondoka hapa, kambi ya jeshi ilikuwa bado ni mahema kumi uwanjani. Siku chache baadaye yalitokea ya watu wa upande wa pili wa korongo. Walipanda kwenye madhabahu yao siku yao ya kuombea mbegu, kama babu zao walivyopanda, wanaume na wanawake na vyungu vya uji. Hawajarudi. Waliokwenda kuwatafuta walikuta nta ya mishumaa na kandambili, nyingi, zimepangwa vizuri kando ya njia kama watu wanavyozipanga wakiingia kuomba. Hakuna anayelizungumzia sokoni. Watu wanauliza bei ya pilipili na kuangaliana.

Jambo lililonikosesha usingizi, ndugu yangu, ni hili: hakuna aliyehitaji kuwapeleleza. Mwizi anabadili saa yake, mlevi anabadili kilabu chake, lakini sisi tunajulikana tutakuwa wapi na lini, mwaka hadi mwaka, na hatuwezi kubadili. Mwenye kuijua hesabu yetu anajua mahali pa kutukuta sote kwa pamoja.

Wiki tatu zilizopita luteni wa kambi aliniita ukumbini. Ni kijana mwenye sauti ya upole, amenyoa ndevu mpaka ngozi inang'aa. Karani wa mji alikuwepo, wazee wanne wa soko walikuwepo, na mlangoni alisimama Macario na bunduki yake ya zamu. Macario unamkumbuka, mtoto wa yule mama mzee muuza nyuzi, Nan Hilaria, niliyemfundisha kusoma. Sasa ndiye mkuu wa watu wa doria, cheo ambacho hakukiomba wala hakuweza kukikataa. Luteni alinivutia kiti mwenyewe. Akanitilia sukari kwenye kahawa, vijiko vitatu, bila kuniuliza. Akasema bibi yake naye alikuwa akiwasha mishumaa, kwamba yeye anaheshimu mila, na kwamba angependa kuweka askari kuwalinda watu wakati wa maombi yao makubwa, wabaya wasije wakajichanganya humo.

Kisha akaniuliza kama ni kweli watu wanapanda kutoka mashamba ya pwani kwa ajili ya siku hiyo. Nikasema wengine hupanda. Akauliza wanalala kwa nani. Nikasema kila mtu analala anapokutwa na usiku. Akatabasamu kama mwalimu anayetabasamu kwa jibu la mwanafunzi mjanja.

"Basi nifundishe, Mwalimu," akaniambia. "Mimi ni mgeni. Hiyo siku yenu ya nane inaangukia lini?"

Akashusha kutoka ukutani kalenda ya duka la dawa, ile yenye picha ya farasi mweupe, akanipa penseli nyekundu. Wazee wanne walikuwa wanaiangalia penseli, mimi nilikuwa naiangalia penseli. Nikachora duara kwenye Jumatano. Macario akakohoa pale mlangoni. Luteni akanishukuru, akairudisha kalenda ukutani, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi akiwa amenishika kiwiko kwa sababu ya magoti.

Nilipofika kwenye kisima Macario alinifikia. Aliongea bila kuniangalia, akijifanya kufunga kamba ya kiatu.

"Mwalimu, macho yamechoka siku hizi, eh? Mtu mzima anaweza kuruka safu."

Nikamwambia macho yangu yako vizuri. Akasema, "Sawa. Mimi nilipata alama ndogo za hesabu, wewe ndiye ulinipa." Akaenda zake. Tangu siku hiyo, kila nikisikia viatu vizito njiani nasimamisha ninachofanya, hata kama ni kijiko kinakwenda mdomoni.

Kesho yake akaja mama yake. Nan Hilaria unamjua, haombi ruhusa ya kuingia. Aliketi kwenye kigoda changu, akaweka kapu lake la nyuzi chini, akaanza kunichapa kwa mdomo. Alisema yeye alinibeba mgongoni nikiwa na kamasi mpaka kidevuni, kwa hiyo nisimfanyie usomi. Alisema amesikia sokoni kwamba Batz imehamia Jumatano.

"Niambie, Eulogio, umeanza kunywa, au mimi nimekufa na hakuna aliyenijulisha? Kama hesabu yako ndiyo ya kweli, basi umri wangu umepungua siku tatu. Nitafutie mchumba."

Kwa kawaida ningecheka. Nikamkorogea uji wa mahindi, nikamwekea mbele, nikaketi. Sikuweza kumjibu, kwa sababu Macario analala chini ya paa lake. Aliendelea kunitazama. Nikaangalia sakafu. Aliacha kunidhihaki ghafla, kama mtu aliyezima taa. Akanywa uji wote, akafuta mdomo kwa ncha ya shali yake, akasema kwamba yeye leo hakuja hapa, na hatukuongea. Alipofika mlangoni akarudi na kunishika kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi ya mama.

Leocadio, sikukosea. Nilidanganya.

Penseli ilipokuwa mkononi mwangu niliiona Jumapili pale, namba yake nyeusi, kando ya kwato za farasi. Niliziona pia zile kandambili. Nikasema moyoni, tukishapanda mlimani Jumapili na kushuka, askari wapande Jumatano waukute mlima mtupu. Ni hayo tu niliyoyafikiri. Mkono ukaruka. Katika maisha yangu nimedanganya kuhusu umri wa mbuzi, nimemdanganya mkaguzi wa shule kuhusu mahudhurio, nilikudanganya wewe kuhusu ugonjwa wa mama ulipokuwa mbali. Sijawahi kudanganya kuhusu siku. Sikujua hata kwamba inawezekana. Nilimtaja bwana mmoja kwa jina la mwingine, mbele ya mashahidi sita, na ardhi haikunimeza. Nilikunywa kahawa yote mpaka kwenye sukari ya chini.

Nami nilijiona mwerevu kwa muda usiozidi kutembea kutoka ukumbini hadi kwangu. Kwa sababu wale wazee wanne hawakujua kwamba ni uongo. Walisikia Mwalimu amesema. Walikwenda nyumbani wakawaambia wake zao kwamba mwaka huu wamepotea siku tatu, na kufika Jumamosi nusu ya mji ilikuwa imetupa hesabu yake iliyo sahihi na kuchukua ya kwangu. Watu ambao hawajakosea tangu utotoni, Leocadio! Watu waliohesabu wakiwa na njaa, wakiwa jela, wakiwa na uchungu wa kuzaa. Hakuna hata mmoja aliyesema Eulogio amekosea, isipokuwa yule mwanamke mwenye kapu la nyuzi.

Kulitangaza jambo hilo sikuweza, masikio ni mengi. Basi tumelirekebisha mdomo kwa sikio. Mimi nimezunguka nikijifanya nadai vitabu vya shule nilivyoazimisha. Nan Hilaria amekaa sokoni, na kila anayenunua uzi anafungiwa na neno. Juzi tulimaliza mji mzima. Watapanda Jumapili kabla ya mapambazuko, wawili wawili, na kamba za kuni begani, kila mmoja na njia yake, na kufikia wakati wa misa watakuwa wameshuka na kuni kweli.

Pwani hatukutuma mtu. Nilisema, kule yupo Leocadio. Nilisema, huyo hawezi kukosea, alijifunza nami kwenye mkeka mmoja, na hatayumbishwa na uvumi wa wauza blanketi. Nilikutegemea hivyo bila kukuambia. Na wewe, wakati huohuo, ulikuwa umesimama mbele ya wenzako ukiomba radhi kwa kosa ambalo hukulifanya, kwa sababu ulinitegemea mimi.

Hukukosea, ndugu yangu. Ulikuwa unatetemeka kwa homa na hesabu yako ilikuwa sahihi. Mwambie Paulina. Waambie wote, na uwaambie kwamba mimi ndiye niliyesema.

Nimeacha kuandika kwa muda. Nilisikia viatu, nikaisukuma karatasi chini ya jiwe la kusagia, na mlango ukagongwa. Alikuwa Macario, peke yake, bila bunduki. Aliniambia mama yake ananisalimu. Nikamwambia asante. Akaomba maji, akanywa amesimama, akaangalia wino kwenye vidole vyangu, nami nikaviangalia. Kisha akasema, kama mtu anayeongelea mvua, kwamba Jumapili asubuhi amepanga watu wake wote walinde daraja la chini, hakuna atakayebaki kwenye njia za mlimani. Akasema Jumatano ni jambo jingine, Jumatano si yeye anayepanga; yanakuja magari mawili kutoka makao makuu, na luteni ameagiza mtu aandike majina ya wote watakaoshuka kwenye malori ya pwani.

"Sijui kwa nini nakusumbua na mambo ya kazi, Mwalimu," akasema, akarudisha kikombe.

Sijui kama amekuja kutuokoa au amekuja kuona uso wangu unabadilikaje. Mtoto niliyemshika mkono kumfundisha herufi, na siwezi kumsoma. Kama ni mtego, Jumapili nayo imekwisha. Kama si mtego, amejiweka kamba shingoni kwa ajili yetu, na mama yake hajui. Nimeamua kumwamini kwa sababu sina kingine cha kuamua. Lakini nimekaa mahali ambapo nauona mlango.

Utaniuliza Jumatano itakuwaje kwangu, luteni atakapoukuta mlima mtupu na duara jekundu likiwa ukutani kwake. Nilimwuliza Nan Hilaria hilo. Nilimwambia labda niondoke, nishuke kwenu. Alisema nikiondoka watajua, na watakwenda nyumba kwa nyumba. Alisema Jumatano ni siku ya Kumi na Moja Ix, siku ya mlima wenyewe, kwa hiyo mzee akionekana pale na ubani wake hatakuwa anaigiza. Atakuwa anasali sala ya siku hiyo. Niwaambie askari kwamba watu wameogopa magari, hawakuja. Litakuwa neno la kweli kwa namna yake.

Nilimwambia magoti yangu hayafiki juu. Akasema, "Ndiyo maana nakuja na wewe, nikushike mkono, usije ukafa njiani kabla hawajapata nafasi ya kukuua." Akacheka peke yake. Sijui anatoa wapi kicheko. Sitaki kwenda, Leocadio. Nakuandikia wewe kwa sababu kwa wengine lazima nionekane mwalimu. Nikifumba macho naziona zile kandambili, na najiuliza zangu nitazipanga upande gani wa njia. Lakini lori lenu likifika Jumatano, sitakuwa pale na mwanamke mzee tu. Nitakuwa pale nikimwona Isidra anashuka kwa miguu yake inayouma, na mtu anaandika jina lake.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na msinifanye mimi kuwa ushahidi. Mimi ndiye niliyewadanganya. Kwa nini mniamini leo? Hesabuni wenyewe. Mliondoka hapa siku ya Nane E, siku ya njia, kama ilivyo desturi, na wote mlikuwepo. Tulimwaga pombe chini mbele ya magurudumu na yule mpiga marimba akalalamika kwamba tunaipoteza. Anzieni pale. Ketini pamoja, kila mtu ahesabu kwa sauti yake, na yeyote atakayesema Mwalimu alisema vile, mnyamazisheni. Mtafika mahali pamoja. Kisha shikaneni hapo, hata mimi nikija mwenyewe na miwani yangu kuwaambia vingine.

Tat Anastacio anaondoka kesho alfajiri na mzigo wake, atalala njiani, na atakuwa kwenu Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Ndani ya mzigo kuna mkoba wa Isidra. Nan Hilaria ameushona kwa uzi wake mwenyewe, na mbegu nimezichagua mimi. Sikutaka apewe na mtu mwingine zaidi yangu. Nilikuwa nimekwisha kufikiri maneno. Utampa wewe, baba yake. Sisi huku tutakuwa tumelitaja jina lake kwenye moto wa mlimani alfajiri hiyohiyo, na siku ni moja, inakaa kiti kimoja, inasikia huku na huko. Mwambie asiogope kama ulimi utajikwaa kwenye majina. Aanze tu, atayakuta yanamngoja.

Nisalimie Paulina, umwombe asikucheke tena habari za maharage. Nisalimie watu wetu wote, mmoja mmoja, na yule mpiga marimba, umwambie siku moja tutamfidia hiyo pombe. Watu wa hapa wanawasalimu bila kutaja majina, mnawajua. Habari zangu za baada ya Jumatano mtazipata kwa Nan Hilaria au kwa Tat Anastacio. Msimtume mtu kuzitafuta, na msiandike.

Na sasa weka barua hii jikoni iungue, ndugu yangu, umwite binti yako. Leo unaposoma ni Jumapili, na leo ni Nane Batz. Washeni ubani hapohapo mlipo, leo, kabla jua halijazama.

Kaka yako,
Eulogio Chitic